Mtu akiwa kanzidata ya ajira serikalini, akaitwa mbali asiende, inakuwaje? Naombeni ushauri

mtaa_wa_pili:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa kiutu uzima, utani pembeni.

Niliomba Mtendaji wa Mtaa daraja la III kupitia Ajira Portal. Cheti changu ni cha chuo cha serikali za mitaa Hombolo, NTA level 5, utawala. Mchujo nilipita vizuri. Kwenye mahojiano paneli ikaniuliza ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inagawanywaje, nikajibu nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Wakauliza tofauti ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa, nikawaambia mmoja anachaguliwa na wananchi, mwingine ni mwajiriwa na ndiye katibu wa vikao. Mama mmoja kwenye paneli akaandika kitu halafu akafunika karatasi na kiganja. Nilitoka nikijua nimefunika.

Majina ya kuitwa kazini yakatoka, langu halimo. Maswali yangu: kanzidata inafanyaje kazi? Mtu anaweza kuitwa mahali ambapo hakupategemea? Na akiitwa asipokwenda, jina linarudi kanzidata au ndiyo imetoka?

Natanguliza shukrani.

kigoda_cha_mninga:
Siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

mzee_wa_masjala:
Kijana, kanzidata ni hifadhi ya waliofaulu mahojiano lakini nafasi zikaisha kabla hawajafikiwa. Tuseme nafasi ni 20, waliofaulu 45. Wale 20 wa juu wanapangiwa vituo, hao 25 majina yanahifadhiwa. Ikipatikana nafasi nyingine ya kada hiyohiyo, Sekretarieti ya Ajira inachota humo badala ya kutangaza upya. Ndiyo maana matangazo ya kuitwa kazini huwa na ule mstari wa kwamba majina haya yanajumuisha baadhi ya waliokuwa kwenye kanzidata.

Swali la pili, ndiyo. Aliyeomba kwenye tangazo la jumla la MDAs na LGAs, yaani wizara, taasisi na halmashauri kwa pamoja, hakuomba mji, ameomba kada. Anapelekwa penye upungufu.

Sisi wa zamani hatukuwa na haya. Kabla ya marekebisho ya 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma yaliyoleta Sekretarieti, mambo yalimalizwa na bodi ya ajira ya halmashauri. Mimi nilifanyiwa usaili kwenye stoo ya mbegu, nimekaa juu ya gunia, na mmoja wa wasaili alikuwa anamdai baba yangu ng'ombe. Nikapata kazi, ng'ombe hakulipwa mpaka leo.

mama_wa_broila:
Mdogo wangu, na cheti chako hicho unahangaika na mshahara wa TGS B, ngazi ya chini ya serikali? Laki tano ya mtaji unachukua vifaranga mia, banda unajenga kwa mabanzi. Mimi niliitwa usaili mara kadhaa, nauli yangu, malazi yangu, chakula changu, maana tangazo lenyewe linakwambia kila msailiwa atajigharamia. Siku nilipoamua kufuga nikaacha hata kufungua hiyo portal.

kigoda_cha_mninga:
Mama, na mdondo ukipita banda zima linalala.

mama_wa_broila:
Chanja. Watu hamchanji halafu mnasema kuku hawana faida.

mlokole_wa_tegeta:
Ndugu, funga na uombe. Kazi hutoka kwa Bwana, Sekretarieti ni chombo tu.

dada_wa_mapokezi:
Samahani kaka mtaa_wa_pili, nimesoma mara mbili. Mtu ambaye hajaitwa anauliza ataitwa lini. Wewe unauliza asipokwenda inakuwaje. Umeitwa wapi?

mtaa_wa_pili:
Nimeuliza kwa ajili ya kujipanga tu dada. Mtu lazima ajue mapema.

dada_wa_mapokezi:
Mapema gani? Fungua moyo kaka, hapa hakuna anayekujua.

mtaa_wa_pili:
Sawa. Tangazo lililofuata nilikuwemo. Nimepangiwa Halmashauri ya Mji wa Nanyamba, Mtwara. Barua nimeshaipakua kwenye akaunti yangu, inasema niripoti ndani ya siku 14. Siku nyingi zimekwisha.

Kabla hamjanirukia, nielezeni mngekuwa ninyi mngefanyaje. Usaili nilifanyia jijini kwa sababu anuani yangu ya makazi kwenye portal ni ya hapa. Maisha yangu yote yako hapa. Nina vibanda viwili vya uwakala wa pesa, kimoja anakaa mke wangu. Nikiondoka kimoja kinafungwa. Sijakataa kazi, naipenda sana, ila naona nafasi ya kubaki Jiji ipo nikivuta subira.

kigoda_cha_mninga:
Kumbe uzi ulikuwa na ghorofa ya chini.

korosho_daraja_la_kwanza:
Nanyamba imekukosea nini mkuu? Mimi mwenyeji kabisa. Unashuka Mtwara mjini, hapo ni mwendo mfupi tu. Msimu ukifungua Oktoba, korosho zinaingia ghalani, mnada unapigwa, wakulima wanalipwa benki, halafu unakuja kuniambia hakuna mzunguko wa pesa! Hicho kibanda chako kimoja kihamishie huku, utanitafuta unishukuru.

mtaa_wa_pili:
Mtumishi anaruhusiwa kuwa na kibanda?

mzee_wa_masjala:
Biashara halali isiyogongana na kazi yako hakuna aliyewahi kukatazwa, wengine tulikuwa na mashine za kusaga. Lakini usikwepe hoja, kijana. Jibu la swali la tatu ni hili: asiporipoti, nafasi yake anapewa mwingine mwenye sifa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba jina linarudi kwenye hifadhi kukusubiri wewe uridhike na kituo. Utaanza na tangazo jipya, mchujo mpya, na vijana wapya waliotoka chuo juzi wakiwa bado wanakumbuka Sheria Na. 8 ya 1982, ile ya mamlaka za miji, kifungu kwa kifungu. Na umri haurudi nyuma, kikomo ni miaka 45.

mjukuu_wa_chifu:
Hapo kwenye watendaji mmenikumbusha marehemu baba mdogo. Alikuwa mtendaji wa kijiji, elimu darasa la saba, mchapakazi hasa. Wakati wa uhakiki ule wa 2017, mwaka ambao Rais Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma ripoti ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wa darasa la saba wakaguswa. Baba mdogo hakuwa na cheti feki, hakuwa na cheti kabisa! Kilichokuja kumwokoa ni tarehe. Waraka wa kutaka elimu ya kidato cha nne ulianza 20 Mei 2004, yeye aliajiriwa kabla ya hapo, wakamrudisha. Barua ile ya ajira ilikuwa imeliwa na mchwa pembeni, lakini tarehe ilibaki inasomeka. Ninyi mnaochagua vituo mnachezea vitu ambavyo watu wamevililia.

mtaa_wa_pili:
Wakuu mnanihukumu bila kujua. Mimi sibahatishi. Kwenye mahojiano nilikuwa wa nne kwa Jiji. Watatu ndio waliochukuliwa, na mmoja kati yao ana kazi benki, haripoti. Kwa hiyo anayefuata ni mimi. Ninachohitaji ni hizo siku 14 za Nanyamba zipite.

shahidi_namba_tatu:
Nilikuwa kimya ila sasa naomba niseme: uzi huu ni chai, na sukari imezidi.

Tangazo la kuitwa kazini lina mamlaka ya ajira, kada na majina. Halina maksi wala halisemi nani wa kwanza nani wa nne. Huyu kajuaje? Halafu "wa nne kwa Jiji" ndiyo nini? Kama usaili ulikuwa wa tangazo la jumla, orodha ya Jiji haipo, mzee wa masjala kashaeleza hapo juu. Ingekuwa lile tangazo la Mkurugenzi wa Jiji mwenyewe, linaloanza na kwamba amepokea kibali cha ajira, hapo mtu angesema kaomba Jiji. Lakini huyu anatwambia kapangiwa Nanyamba kutoka kanzidata, kwa hiyo siyo.

Na la mwisho, Machi mwaka huu akaunti hii hii iliandika kule jukwaa la mahusiano kwamba yuko Muscat, bosi wake Mwarabu kamnyima likizo, na mchumba anaolewa. Leo ana mke kwenye kibanda cha uwakala. Mtunzi, rudi ukapange upya.

kigoda_cha_mninga:
Nimecheka mpaka konda ameniangalia vibaya. Kutoka Muscat mpaka Nanyamba bila visa.

mlokole_wa_tegeta:
Na mimi nilishaanza kumwombea. Tusitanie mambo ya kazi, kuna watu wanalia majumbani.

mama_wa_broila:
Hata akiwa mtunzi, wa vifaranga nimepata inbox tatu. Aendelee tu.

mtaa_wa_pili:
Ya Muscat ni mdogo wangu, tunatumia akaunti moja.

shahidi_namba_tatu:
Akaunti ya ukoo. Tupia barua hapa, futa jina, acha kada na kituo.

mtaa_wa_pili:
Barua ya serikali siweki mtandaoni hata nikiitwa mwongo. Na ya kuwa wa nne sikusema nimeiona kwenye tangazo. Niliambiwa.

dada_wa_mapokezi:
Na nani?

mtaa_wa_pili:
Kuna mtu. Alinipigia siku chache baada ya mahojiano, akanitaja majina yangu yote matatu na kada niliyoomba. Akasema ana mtu ndani, ameona orodha. Mtu wa kubahatisha angejuaje hayo?

dada_wa_mapokezi:
Umempa bei gani?

mtaa_wa_pili:
Laki nne. Nyingine nne nikishapata barua ya Jiji. Na siyo rushwa, ni ya usumbufu, maana anazunguka ofisi za watu kwa nauli yake. Yeye ndiye aliyenishauri nisiripoti Mtwara, kwa sababu nikiripoti jina linafungwa kwenye mfumo na hataweza kunivuta tena.

shahidi_namba_tatu:
Ee. Sasa hii sidhani kama ameitunga. Hii naijua, imempata shemeji yangu, tofauti yeye alikuwa muuguzi.

Ndugu yangu, majina ya wanaoitwa usaili huwa yanabandikwa wazi mtandaoni, majina matatu na kada juu yake. Mtu yeyote mwenye bando anayapakua. Namba ya simu uliibandika mwenyewe kwenye yale magrupu ya WhatsApp ya "wasailiwa wenzangu". Tapeli hakuhitaji mtu wa ndani, alihitaji kukaa kitako na orodha na kupiga simu moja moja.

kigoda_cha_mninga:
Anapiga watu mia. Walioitwa kazini kwa jasho lao, anasema mimi huyo nimekuvusha. Ambao hawakuitwa anawaambia subirini kidogo. Wewe umemharibia hesabu, umeitwa ukiwa hujammaliza, ikabidi akutungie habari ya mfumo kufunga.

mzee_wa_masjala:
Tena mnatumia lugha laini mno. Kijana, hiyo "ya usumbufu" kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007 ina jina lake, na anayetoa anashtakiwa sawa na anayepokea. Kama huyo bwana kweli ana mtu ndani, umetenda kosa. Kama hana, umetapeliwa. Mimi ningekuwa wewe ningepiga 113 ya TAKUKURU, ni bure, ningeeleza kabla hajakamatwa akiwa na namba yako kwenye simu yake.

mtaa_wa_pili:
Mzee wangu nikipiga huko si ndiyo najimaliza mwenyewe? Na kazi yenyewe bado sijaishika.

mjukuu_wa_chifu:
Mbona hata dereva niliyesoma naye, alifaulu mchujo, akaja usaili wa vitendo, akaambiwa rudisha gari kinyumenyume kati ya vibendera...

dada_wa_mapokezi:
Mjukuu subiri kwanza. Kaka, barua yako imebakiza siku ngapi?

mtaa_wa_pili:
Mpaka Ijumaa.

dada_wa_mapokezi:
Basi kata tiketi ya Mtwara leo. Chukua vyeti halisi vyote kuanzia cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, NIDA na hiyo barua. Huko mwajiri anahakiki vyeti kwanza ndiyo anakupa barua ya ajira. Usibebe karatasi ya matokeo ukidhani ni cheti. Siku ya usaili wetu kuna binti alikuja na karatasi ya matokeo ya kidato cha nne ndani ya bahasha ya plastiki, safi kabisa, akarudishiwa mlangoni tunamwangalia.

mtaa_wa_pili:
Nikifika nikaripoti, halafu nikaomba uhamisho kuja Jiji baada ya miezi mitatu hivi?

mzee_wa_masjala:
Miezi 12 ya kwanza uko kwenye majaribio. Thibitishwa kwanza. Baada ya hapo utaomba kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, kama wenzako, na ukimpata mtu wa Jiji anayetaka kuja Nanyamba mbadilishane, inakuwa rahisi zaidi.

korosho_daraja_la_kwanza:
Hatampata. Na yeye mwenyewe msimu wa pili hatataka kuondoka. Mkuu nitumie ujumbe ukifika, kuna chumba kwa shangazi yangu, kina umeme, maji ya kisima.

mtaa_wa_pili:
Nimekusikia mkuu. Ngoja niongee na mke wangu usiku huu. Ila yule jamaa nitampigia kwanza nimsikie, huenda ana maelezo yake.

kigoda_cha_mninga:
Laki nne ya pili hiyo inaondoka.

fundi_redio:
Samahani kuingilia uzi. Mimi cheti cha form four kinasomeka Mohamed, NIDA wameandika Mohammed, m mbili. Nimeitwa mchujo wiki ijayo. Nitazuiwa?

mzee_wa_masjala:
Usingoje wiki ijayo. Nenda kwa wakili kesho, fanya deed poll, hati ya kisheria ya kurekebisha jina, isajiliwe. Kiapo cha mdomo mlangoni hakimsaidii mtu.

fundi_redio:
Na baba yangu kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mohamedi, yenye i mwishoni.

mzee_wa_masjala:
Umepanga kutuua. Andika majina yote kama yalivyo kwenye kila karatasi, tuanze moja moja.