Kahawa na donati kabla ya kuabiri: malalamiko hupelekwa wapi?

Mama Neema, Minneapolis:
Ndugu zangu, hamjambo? Jumapili usiku nikiondoka Nairobi kurudi huku, nilinunua kahawa ya maziwa na donati mbili katika mgahawa ulio ndani ya uwanja wa ndege, nikiwa nimekwisha pita uhamiaji na ukaguzi wa mizigo ya mkononi. Getini nilikuta ukaguzi mwingine, na afisa akaniamuru niimwage kahawa ambayo nilikuwa nimeionja funda moja tu. Donati alizitazama akaniachia. Naomba kujua ni ofisi ipi hupokea malalamiko ya namna hii, na kama kuna fomu ya kujaza.

Baba Kevo, Boston:
Pole sana, Mama Neema. Hiyo ni kanuni ya mililita 100, yaani chombo cha kimiminika kinachozidi kiasi hicho hakipiti ukaguzi wa mizigo ya mkononi; ilianza mwaka 2006 baada ya kugunduliwa njama ya kulipua ndege zilizotoka Uingereza. Ukishavuka ukaguzi, unachokinunua ndani ni halali yako, kwa hiyo afisa alikosea.

Mwalimu, Leeds:
Baba Kevo, tafadhali usiwapotoshe watu. Maneno yako ni kweli pale penye ukaguzi mmoja. Penye ukaguzi wa pili vimiminika hupimwa upya, na kinachosalimika ni kile kilichotiwa na duka lisilotoza ushuru ndani ya mfuko uliofungwa rasmi pamoja na risiti yake, jambo lisilowezekana kwa kikombe cha kahawa. Donati ni chakula kikavu, hazina neno. Kaa mezani, unywe umalize, ndipo uelekee getini.

Baba Kevo, Boston:
Mwalimu, nani ana nafasi ya kukaa mezani wakati foleni ya uhamiaji imekwisha mla saa nzima?

Shangazi Halima, South B:
Wanangu, msigombane. Sisi tunaowasindikiza tunajua kwamba abiria hushushwa garini njiani akaguliwe kwa miguu, huku dereva akipita na gari, kwa hiyo saa ya kuagana ni fupi. Mpwa wangu anaposafiri, mimi hubeba chupa ya chai ya tangawizi na mahamri ya iliki niliyoyafunga kwa kitambaa yangali na moto, naye hula palepale maegeshoni kabla hajaingia. Najua huko mliko hampati mahamri yaliyokandwa kwa tui la nazi, na hilo hunisikitisha kila mnapoondoka.

Mwalimu, Leeds:
Shangazi, umenitia hamu ya nyumbani. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kahawa ililetwa Bura, Taita, na wamisionari Wafaransa mwaka 1893, nasi hadi leo tunauza nje karibu yote, huku mkulima wa Nyeri akisubiri malipo yake miezi na miezi. Serikali zimepita, ahadi ni zilezile.

Mama Neema, Minneapolis:
Nakubaliana nawe kuhusu mkulima. Basi angalau nijue hili: je, naweza kubeba kahawa ya unga mkononi?

Baba Kevo, Boston:
Kwa safari za kuja Marekani, unga unaozidi mililita 350 katika mzigo wa mkononi huchunguzwa zaidi tangu mwaka 2018, na unaweza kukataliwa. Utie kwenye sanduku la chini. Kahawa iliyokaangwa inaruhusiwa kuingia, mradi uitaje kwa watu wa forodha pamoja na chakula kingine chochote ulichobeba, hata kama ni mahamri ya Shangazi.