Mjadala: Je, kuzungusha tairi kwa mkono kunatosha kuthibitisha kuwa difu iliyotumika ni LSD?

Mtoa mada:

Ndugu wachangiaji, naleta kwenu suala ambalo mafundi, wauzaji wa vipuri na wanunuzi wamekuwa wakilibishania bila kuafikiana. Je, muuzaji wa difu iliyotumika (mfumo wa gia unaogawa nguvu kwa matairi mawili) ana haki ya kuiita LSD (difu inayozuia tairi moja kuteleza peke yake), na kudai bei ya LSD, kwa sababu tu alizungusha shafti moja kwa mkono na ya pili ikafuata upande uleule? Msimamo wangu ni kwamba hana haki hiyo, na kwamba ni wajibu wake yeye, si wa mnunuzi, kuleta ushahidi ulio bora kuliko huo.

Kipimo chenyewe kinajulikana. Gari hupigwa jeki hadi matairi yote mawili ya nyuma yawe hewani, gia huwekwa nyutro, kisha tairi moja huzungushwa. La pili likizunguka kinyume, husemwa kuwa difu ni ya kawaida. Likizunguka upande uleule, husemwa kuwa ni LSD. Kwa difu ya sahani za klachi iliyo nzima, kipimo hiki husema kweli, kwa sababu kwa kawaida sahani hizo hubanwa na springi hata pale ambapo hakuna mzigo wowote, na shafti mbili zikabaki zimeshikana. Lakini si kila LSD ni ya sahani, na si kila sahani ni nzima. Sahani zikilika, difu ambayo ilitoka kiwandani ikiwa LSD hujibu mkono kama difu ya kawaida.

Chukueni Torsen, aina ya LSD isiyo na sahani, ambayo mbunifu wake, Mmarekani Vernon Gleasman, alipewa hataza mwaka 1958. Hiyo hufanya kazi kwa gia zilizokatwa mshazari, ambazo hukazana zenyewe kadiri nguvu inavyopita, na kulipelekea tairi lenye mshiko nguvu iliyo mara kadhaa ya ile inayolifikia tairi linaloteleza. Tairi lililo hewani halipokei nguvu ya maana, na mara kadhaa ya sifuri ni sifuri. Ndiyo maana nyingi za aina hii, zikizungushwa kwa mkono, zinaweza kujibu kama difu ya kawaida kabisa. Ipo pia ile ya Eaton iliyofungwa katika magari mengi ya General Motors chini ya alama G80, ambayo hujifunga pale tu tofauti ya mwendo kati ya matairi mawili inapofikia takriban mizunguko 100 kwa dakika. Mkono unaosukuma tairi taratibu hauwezi kuiamsha. Nazo zenye majimaji mazito ya silikoni huachia zikizungushwa polepole, na hukaza kadiri mwendo unavyoongezeka. Wangapi wameuza vipuri hivi kwa bei ya chini bila kujua walichokuwa nacho mikononi?

Upande wa pili wa kosa ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Difu ya kawaida ambayo gia zake ndogo zimeunganishwa kwa kulehemu huzungusha matairi yote mawili upande mmoja kila mara, na vivyo hivyo difu ambayo gia hizo zimekwama kwa kutu au kwa kukosa oili. Kwa kipimo cha mkono zote mbili “zimefaulu”. Mtu akifunga ya kulehemu akiamini ni LSD, atakuta gari linavuta tairi la ndani kwenye kila kona, shafti zinasokotwa, na kwenye barabara yenye maji nyuma ya gari inaweza kuhama bila onyo. Hata difu ya kawaida iliyo salama inaweza kudanganya gia ikiwa nyutro, kwani oili nzito iliyopoa huweza kuburuta matairi yote mawili pamoja.

Basi uthibitisho bora ni upi? Fungueni kifuniko cha difu. Zungusheni kraunweli, yaani gia kubwa ya difu, taratibu hadi dirisha la kasha lake liwaelekee, kisha mulikeni ndani kwa tochi. Katika difu ya kawaida mtaona pini iliyokatiza katikati, gia mbili ndogo juu yake, na gia mbili za pembeni zikikutana nazo, basi. Katika Traction-Lok, LSD ya sahani ya Ford, mtaona springi ya bapa yenye umbo la herufi S imebanwa katikati ya gia za pembeni. Katika zile za sahani zenye pete mbili za kukandamiza, ncha za pini hukaa kwenye mkato wenye umbo la V, na kingo za sahani huonekana zimepangana. Madoa ya kulehemu nayo hayafichiki.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mtoa mada, mimi ni fundi na pia nauza vipuri. Kufungua kila difu maana yake ni kumwaga oili, kununua gasketi, na kupoteza nusu ya asubuhi kwa mteja ambaye huenda asinunue. Zaidi ya hayo, viwanda vimeweka alama. Kwenye kibati kinachofungwa juu ya difu ya Ford, herufi L hukaa kati ya tarakimu za uwiano wa gia, kwa mfano 3L55, na kwenye difu nyingi za BMW herufi S hutangulia uwiano. Kwa nini nisiamini kibati?

Mtoa mada:

Nakushukuru, mkuu, kwa hoja yenye uzito. Kibati ni ushahidi mzuri wa jinsi difu ilivyotoka kiwandani, na difu yenye kibati chake halisi naiheshimu. Lakini kibati hicho hushikwa na boliti, na boliti hufunguliwa; kinaweza kuhamia difu nyingine, au kikabaki palepale huku vya ndani vimeshabadilishwa. Kwa Toyota, msimbo wa ekseli, unaoonyesha aina ya difu, umeandikwa kwenye kibati cha gari lenyewe, kwa hiyo difu iliyolazwa sakafuni dukani imeshaachana nao.

Kuhusu gharama, ipo njia ya kati kwa difu za sahani ambayo haihitaji kumwaga oili. Zuia pinioni (gia inayoingiza nguvu kwenye difu) isizunguke kabisa, acha shafti ya upande wa pili iwe huru, kisha zungusha ya upande huu kwa spana ya kupimia mkazo. Ya kawaida huzunguka kwa wepesi. Iliyolehemiwa au kukwama haizunguki hata ukaze vipi. LSD nzima ya sahani hugoma kwanza, halafu huachia kwa ulaini ikifika mkazo fulani, na mkazo huo hulinganishwa na kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha ufundi cha gari husika. Muuzaji akiandika namba hiyo kwenye risiti, mimi sitadai afungue kifuniko. Ila kwa Torsen na ile ya Eaton namba hiyo haina maana, na hapo bado nadai kifuniko kifunguliwe mbele ya mnunuzi, naye agharimie gasketi endapo ataikuta ni LSD kweli.