Mizabibu imejisokota baada ya jirani kupuliza dawa ya magugu 2,4-D, ning'oe?

Mgogo_wa_Hombolo: Habari wakuu. Nina nusu eka ya zabibu Hombolo, mwaka wa tatu huu. Wiki mbili zilizopita jirani alipulizia magugu kwenye mahindi yake, siku yenye upepo. Sasa majani machanga yamekunjamana kama upepeo, mishipa imesongamana, ncha za matawi zimejisokota. Mahindi yake hayana hata doa! Naumia sana. Ushauri tafadhali.

Mama_Miche: Pole ndugu yangu. Using'oe. 2,4-D inaiga auksini, homoni ya ukuaji. Auksini ikifika kwenye seli, huamsha kimeng'enya kilicho kwenye utando wa seli, ambacho hutumia nishati ya ATP kusukuma protoni nje. Ukuta wa seli unakuwa na uchachu, pH inashuka hadi karibu 5, na hapo protini ziitwazo ekspansini zinalegeza nyuzi za selulosi. Potasiamu inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba na ukuta uliolegea unatanuka. Ndivyo kila chipukizi linavyorefuka. Shida ni kwamba mmea huipunguza auksini yake wenyewe ikishamaliza kazi, lakini hii ya dukani inakaa muda mrefu. Seli zinasukumwa bila mpangilio, ndiyo maana umeona kujisokota.

Kijana_Makulu: Dada, kama ni homoni ya kukuza, akiweka tone dogo si zabibu zitakua haraka?

Mama_Miche: Hapana mdogo wangu, asithubutu. Mzabibu ni mwepesi mno kudhurika na dawa hii, hata ule mvuke tu unatosha. Mahindi yamepona kwa sababu jamii ya nyasi huibadilisha ikapoteza makali.

Mgogo_wa_Hombolo: Kwa hiyo nikate matawi yote?

Mzee_Bomba: Subiri kwanza mwanangu. Mwagilia kama kawaida, usipulize kitu kingine. Angalia majani mapya: yakitoka mapana, mzabibu unarudi. Zabibu zilizopo usiuze wala kula kabla ya kuuliza wataalamu. Peleka matawi kadhaa kituo cha utafiti Makutupora wayaone. Piga picha leo, zenye tarehe, ukazungumze na jirani taratibu. Na bomba lake usiliazime, hata akilisuuza mbele yako.

Mgogo_wa_Hombolo: Asanteni sana. Nimerudi shambani jioni hii: mistari mitatu ya mwisho, mbali na mpaka, majani yake ni mapana.