Msaada: mfumo wa mteja unagoma kwa CORS tangu niupandishe seva

Kijana_wa_Mtaa: Wakuu, habari za usiku. Nimemtengenezea mteja mfumo wa duka. Kurasa ziko kwenye kikoa kikuu, API (sehemu inayopokea maombi na kurudisha data) kwenye kikoa kidogo, Nginx, seva inayopokea maombi kwanza, imesimama mbele ya Node inayoendesha kodi yangu. Kwenye laptop yangu kila kitu kilikwenda. Sasa konsoli ya Chrome inaleta kosa la CORS, ile kanuni ya kivinjari ya kutouachia ukurasa usome majibu ya asili nyingine bila ruhusa ya seva: inadai hakuna heda ya Access-Control-Allow-Origin, yaani mstari wa ruhusa kwenye jibu. Postman, programu ya kujaribia API nje ya kivinjari, inajibiwa vizuri. Mteja anafungua saa 2 asubuhi, na mimi sijalala.

FundiSeva: Postman si ushahidi, anayezuia ni kivinjari. Kwenye heda hiyo andika asili kamili ya kurasa zako: https, jina, poti kama ipo, bila mkwaju mwishoni. Kama unatumia kuki, usiweke nyota (*) ya kuruhusu asili zote.

Kijana_wa_Mtaa: Nimeweka hivyo hivyo mkuu. Bado.

Mzee_wa_PHP: Mnajitesa kutenganisha kurasa na API. Duka la shemeji yangu Morogoro liko asili moja, hilo kosa sijawahi kuliona. Ila radi ilipopiga kompyuta yake tulipoteza hesabu za miezi miwili. Weka nakala rudufu, mdogo wangu.

DadaKodi: Yanagoma maombi yote, au baadhi?

Kijana_wa_Mtaa: Kusema kweli kuingia kunakubali, mauzo yanakubali. Zinagoma picha za bidhaa, tena si zote. Zilizopigwa kwa simu ya zamani zinapita. Ila nimeshamwekea karani ekstensheni (nyongeza ya kivinjari) ya kuzima CORS, ya siku chache tu.

FundiSeva: Umemwondolea karani ulinzi! Ukurasa wowote atakaoufungua unaweza kusoma majibu ya tovuti nyingine alizoingia. Iondoe.

Kijana_wa_Mtaa: Mteja ameshalipa nusu, mkuu. Ningemwambia nini?

Pwani_Tulivu: Uzi wa kutunga huu. CORS haipimi uzito wa picha. Ndogo ipite, kubwa ikatae? Tunapotezewa usiku.

DadaKodi: Subiri, hapo umegusa penyewe. Kijana, ekstensheni ikiwa imewashwa, picha kubwa inapanda?

Kijana_wa_Mtaa: Haipandi, dada. Inaleta 413. Nilidhani ekstensheni ni mbovu, ndiyo maana sikusema.

DadaKodi: Basi si CORS. 413 maana yake ombi ni kubwa mno. Nginx usipoigusa hupokea ombi lenye mwili usiozidi MB 1. Picha ya simu mpya inafika MB 3 au 4, kwa hiyo inarudishwa mlangoni kabla Node haijaiona, na heda zako anayeziweka ni Node. Kivinjari kinapata 413 isiyo na heda, kinapiga kelele za CORS. Laptop yako haina Nginx, na Postman nadhani ulituma picha ndogo. Weka `client_max_body_size 10m;` kwenye bloku ya API, pima kwa `nginx -t`, kisha reload ili isome mipangilio mipya.

Pwani_Tulivu: Samahani mkuu, nilikuhukumu mapema.

Kijana_wa_Mtaa: Saa 9 usiku hii, picha ya MB 4 imepanda! Dada, Mungu akubariki. Ekstensheni nitaiondoa mchana nikipita dukani.

FundiSeva: Si mchana. Mpigie karani aiondoe kabla hajafungua.