Mrejesho: kifaa bandia kilichong'ang'ania kwenye kerneli baada ya jaribio kufeli

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa asiyekumbuka: naandika majaribio ya draiva kwa KUnit (mfumo wa majaribio wa kerneli ya Linux), na jaribio moja likifeli katikati, linalofuata lilikataa kusajili kifaa bandia kwa kuwa jina bado limeshikwa.

Mliosema tatizo ni kuweka usafi (kuondoa vilivyosajiliwa) mwishoni mwa jaribio mlipatia. KUNIT_ASSERT (ukaguzi wa sharti) ikifeli hulikata jaribio papo hapo, kwa hiyo root_device_unregister() yangu ya kuondoa kifaa haikuwa inafikiwa kabisa. Nimehamia kunit_device_register(), iliyoingia Linux 6.8. Kifaa huondolewa chenyewe jaribio likiisha, lifaulu lisifaulu, na rasilimali zilizoombwa kwa devm_ (zinazofungwa na kifaa) huondoka nacho. Zile goto zote za kurukia sehemu ya usafi nimefuta, roho kwatu.

Ushauri wa pili, kunit_add_action() ya kuzima taima, mwanzoni uliniumbua. Kosa langu. Usafi huenda kinyumenyume: kilichosajiliwa mwisho husafishwa kwanza. Nilisajili kuzima taima, ndipo nikaomba bafa (kipande cha kumbukumbu) kwa kunit_kzalloc(). Basi bafa ikaachiwa huku taima bado inaiandikia, KASAN, kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu cha kerneli, ikapiga kelele. Sasa naomba bafa kwanza, kimya.

Intarapti (ishara za kifaa za kukatiza prosesa) bado. Kifaa hiki bandia hakizizalishi, sehemu hiyo naendelea kuijaribu kwenye bodi halisi.

Aliye kwenye Linux 6.1 asihangaike kutafuta hizo mbili za kunit_device_register() na kunit_add_action(), ni za baadaye. Asanteni sana, hasa aliyenisomea logi usiku ule.