Kikundi cha Ukoo: Mafuta ya Baba Mkubwa

Salma: Shikamooni wakubwa. Baba Mkubwa kaandikiwa mafuta ya bangi kwa maumivu ya neva. Lebo: THC (ile kemikali ya bangi inayolevya) mg 10 kwa ml 1, CBD (ile isiyolevya) mg 10 kwa ml 1. Aanze na mg 2.5 za THC usiku. Ni matone mangapi hayo?

Shangazi Rehema (mfamasia): Marahaba. Achana na matone, ukubwa wake hutofautiana chupa kwa chupa. Chukua bomba la sindano la ml 1, bila sindano yenyewe. Mg 2.5 ni ml 0.25, robo ya bomba. Ukishavuta, lielekeze juu, ligonge kwa kidole ili viputo vya hewa vipande juu, visukume vitoke, ndipo usome mstari.

Juma: Nusu saa ikipita bila nafuu anaongeza?

Shangazi Rehema: Thubutu! Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Hata akiweka chini ya ulimi, sehemu kubwa humezwa, na ya tumboni huweza kuchukua hadi saa 2 kufanya kazi. Akiongeza, dozi mbili zinamkuta pamoja: moyo mbio, hofu, kizunguzungu. Kuongeza ni baada ya siku kadhaa, kwa kiasi alichoandika daktari.

Kaka Bakari (muuguzi): Na presha hushuka akisimama. Akiamka kwenda chooni akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili. Dawa nyingine anazotumia?

Salma: Warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda, na kidonge cha usingizi.

Shangazi Rehema: Salma, daktari aliyeandika mafuta anazijua hizo?

Salma: Sidhani. Baba Mkubwa aliulizwa tu kuhusu presha.

Shangazi Rehema: Basi asianze leo. CBD huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja warfarini, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Kipimo cha INR, kile cha muda wa damu kuganda, kitahitaji kurudiwa mapema. Cha usingizi nacho kikikutana na THC, kusinzia kunazidi. Ila warfarini asiiache!

Juma: Si bora avute tu, ifanye kazi haraka?

Kaka Bakari: Mafuta ya kunywa hayavutwi, Juma. Yakiingia mapafuni yanaleta nimonia. Ya kuvuta ni maua makavu, kwa mashine ya mvuke, nayo huandikwa kivyake. Moshi hapana.

Juma: Na gari asubuhi?

Kaka Bakari: Funguo kaa nazo wewe. Usingizi wa dozi ya usiku unaweza kufika asubuhi, na baadhi ya nchi THC kwenye damu ya dereva ni kosa, awe na cheti cha daktari au hana. Mpakani vilevile, cheti cha nchi moja huenda kisimlinde nchi nyingine.

Mama Zuhura: Wajukuu wanashinda pale. Chupa ifungiwe kwa ufunguo, ndani ya boksi lake lenye lebo.

Kaka Bakari: Naam. Mtoto akionja, hospitali papo hapo, chupa mkononi, bila kuficha.

Salma: Nampigia daktari sasa hivi.

Shangazi Rehema: Mtajie warfarini kwa miligramu. Usiseme "kile cha pinki".