Madeni ya zamani na kibali cha usalama Marekani: ni haki kumnyima mtu?

Zamu_ya_Usiku: Jamani tulijadili hili. Ukiomba kazi inayogusa siri za serikali ya Marekani unahitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuziona hizo siri, na unajaza ile fomu ya SF-86, humo wanakuuliza mambo ya pesa ya miaka 7 nyuma, ulifilisika, hukulipa kodi, una deni limepita siku 120 hujaligusa. Mi nauliza, deni la zamani na uaminifu kwa nchi vinahusiana nini? Naona ni kumpiga maskini mara mbili.

Koplo_Mstaafu: Vinahusiana sana. John Walker wa jeshi la maji alienda mwenyewe ubalozi wa Sovieti mwishoni mwa miaka ya 60, baa yake ilikuwa inamla hela, akauza siri mpaka alipokamatwa 1985. Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, naye alianza kuwauzia Sovieti siri akiwa amebanwa na madeni ya talaka. Mtu asiyelipa bili zake hana nidhamu, siri atazitunzaje?

Mama_Pacha: Hana nidhamu?? Kaka mume wangu alilazwa wiki tano, bima ikakataa kulipa sehemu kubwa, nikawa nachagua mwezi huu nilipe nyumba au hospitali. Wadai wanapiga simu niko kazini. Leo unaniambia sina nidhamu kwa vile mume wangu aliugua? Lirudishe hilo neno.

Koplo_Mstaafu: Dada sikukusema wewe. Ugonjwa, talaka, kupunguzwa kazini, mwongozo wa 2017 wanaotumia kuamua vibali unayatambua yote hayo, wanachoangalia ni kama ulihangaika kulipa au ulikaa kimya. Mi nasema wale wanaoficha, na hawa wanaodhamini mikopo ya ndugu halafu wanakuja kulia hapa.

Fundi_Mitambo: Sasa hapo umenigusa mimi. Nilimdhamini mdogo wangu anunue gari ili afike kazini, akaacha kulipa bila kuniambia, nimekuja kujua nilipoletewa barua ya sababu kwamba kibali changu kina mashaka na nina siku 20 za kujibu. Miaka 11 kazini sijawahi hata kuchelewa. Kumsaidia ndugu wa damu ndo kosa?

Koplo_Mstaafu: Ulisaini, deni ni lako. Ungekataa.

Mama_Pacha: Ungekataa! Mdogo wako wa tumbo moja amesimama mlangoni unamwambia nini? Koplo wewe hukulelewa na mtu?

Koplo_Mstaafu: Nimelelewa na mama aliyenifundisha nisiweke saini kwenye deni nisiloweza kulilipa. Mzazi wangu mwacheni.

Zamu_ya_Usiku: Turudi kwenye mada basi. Ana Montes, yule mchambuzi wa ujasusi wa jeshi aliyekamatwa 2001, aliwapa Kuba siri kwa imani yake, hakufuata hela. Na Ames kilichomchoma mwishoni si deni, ni utajiri, alinunua nyumba ya dola 540,000 taslimu kwa mshahara wa serikali na polygrafu, ile mashine ya kupima uongo, kapita mara mbili. Sasa hizi ripoti za mikopo wanazokagua zingemkamata nani?

Koplo_Mstaafu: Utajiri usioelezeka nao umo kwenye huohuo mwongozo, soma. Lakini mi bado naulizwa habari za mama yangu hapa na hakuna aliyeomba radhi.

Mama_Pacha: Utaombwa ukishalirudisha lile neno lako.

Fundi_Mitambo: Nyie gombaneni, mi zimebaki siku 9. Dogo amekubali, tumepanga na benki tunalipa nusu kwa nusu kila mwezi na ya kwanza imeingia juzi. Swali, malipo ya mwezi mmoja tu yatahesabika au wataona nimeshtuka kwa sababu ya barua?

Koplo_Mstaafu: Wataona umeshtuka, sikufichi, aliyeanza kulipa kabla ya kuulizwa ana uzito kuliko wewe. Lakini ambatanisha mkataba wa benki na risiti, na barua ya dogo akikiri kwamba alikuficha. Usiseme hukujua kama hata mara moja benki ilikuandikia. Ilikuandikia?

Fundi_Mitambo: Anwani ya zamani. Nilihama.

Mama_Pacha: Basi tafuta mkataba wa nyumba mpya wenye tarehe, leo hii, usingoje kesho.